Kaa Chini Kabla ya Kutoa Kalamu

Ipo siku moja inayonijia kwanza kila kijana anaponiuliza nilivyopata kuwa mwandishi. Kijana huyo hutarajia nimwambie juu ya siku kitabu changu kilipotoka, watu wakajaa ukumbini hadi barabarani. Hiyo ilikuwa siku tamu, na nitaifikia. Lakini inayonijia ni siku niliyogombezwa na mama mmoja wa Kilwa ya ziwa Mweru, nimesimama mbele yake na kalamu mkononi, na wanawake wa mji mzima wamekaa chini kwenye mikeka wakinitazama.

Nilizaliwa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mwanangu, na bado niko Kamalondo. Baba yangu alifanya kazi ya reli kama baba yake. Watu wetu walishuka kutoka kaskazini mwa Katanga wakiifuata kazi hiyo. Baba alikufa nikiwa sekondari, na kabla hatujavua nguo za kilio mama naye akamfuata. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu walikuwepo wawili, Ilunga na mdogo wake Monga, ambao hadi leo, pamoja na mvi zao, hawaniiti Feza. Wananiita Yaya, yaani dada mkubwa.

Wewe unajua inavyokuwa kwetu. Kilio kinapoisha, kabla watu hawajatawanyika, wazee wa ukoo hukaa kikao na kuwagawa mayatima: huyu aende kwa baba mdogo, yule kwa shangazi. Hawafanyi hivyo kwa ubaya. Kila mmoja anachukua mzigo anaoweza kuubeba. Lakini mimi nilikuwa nimemwahidi mama, akiwa bado ananisikia, kwamba watoto hawatatengana. Basi nikasimama kikaoni, msichana niliyekwisha kuacha shule, nikasema watabaki nami.

Baba mudogo Kasongo, mdogo wake baba, akanigeukia. Alikuwa na duka Kasomeno, kwenye njia ya kwenda Kasenga, akinunua samaki wakavu kutoka Kilwa na kuwauzia watu wa malori.

"Utabakulisha nini, Feza?" akauliza. "Magazeti?"

Watu wakacheka, hata mimi nusura nicheke, kwa sababu kweli nilikuwa nimeanza kuuza magazeti mitaani. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alisema atangoja mpaka karibu na kufunguliwa shule. Nikiwa nimepata kazi ya kweli, watoto watabaki. Nisipopata, atakuja mwenyewe kumchukua Ilunga, na Monga ataenda kwa shangazi, mbali sana, huko reli inakoishia. Hakuna aliyebisha. Yalikuwa maneno ya haki, na ndiyo maana yalinitisha.

Sasa nikueleze nilivyouza. Gazeti letu lilitoka kila Jumamosi, kwa Kifaransa, na majirani wengi walikuwa na Kifaransa cha salamu tu. Nilipolifikisha kwenye baraza la Baba Ramazani, fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, hakuna aliyelinunua kabla sijawasimulia kwa Kiswahili yaliyomo. Nilisoma mstari, nikaugeuza, nikausema. Pakifika pazuri mzee aliinua mguu kwenye cherehani asikie vizuri, na mwenye suruali aliyekuwa akingojea pindo lake akangoja tena. Hapo ndipo nilipojifunza nini watu wanataka kujua, na nini kinawafanya wapige miayo. Shule yangu ya pili ilikuwa lile baraza.

Nikaanza kuandika habari ndogo za Kamalondo na kumpelekea Papa Kabange, mhariri wa gazeti lile, mtu mfupi mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Ukurasa niliompa ulirudi Jumamosi ukiwa mistari miwili. Nilimletea mwingine. Alizoea kuniona mlangoni kama watu wanavyozoea paka wa jirani.

Kisha ikaja habari kwamba mashua ya abiria imepinduka ziwani Mweru, karibu na Kilwa, na watu wamekufa. Papa Kabange akaniita. Alisema mwandishi wake mmoja ni mgonjwa, na wa pili, akisikia tu jina la ile barabara, naye anaugua.

"Weye iko na mugongo muzuri?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

"Basi panda kamyo, wende. Uniletee kintu ya kuweka ku ukurasa wa kwanza. Ukileta, kile kiti pale iko yako."

Akanyoosha kidole kwenye kiti kitupu kando ya dirisha. Mwanangu, sijapata kukitazama kiti cha mtu kwa tamaa namna ile. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Kiti kile kilikuwa Ilunga na Monga.

Niliwaacha watoto kwa mke wa Baba Ramazani, nikapanda juu ya magunia ya unga kwenye lori. Tulilala Kasomeno, kwa baba mudogo. Alinipa viazi vitamu na chai, akaniuliza hali ya watoto, na asubuhi akanikumbusha kwa upole kwamba safari yake ya kuja mjini iko palepale. Nikamwambia nitakuwa nimerudi kabla yake. Akaitikia tu kwa kichwa, akaendelea kufagia mlango wa duka.

Kutoka Kasomeno hadi Kilwa barabara ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na mashimo. Tulifika mchana, na dereva akanionya kwamba anarudi kesho asubuhi mapema, na baada yake hajui lini lori lingine litapita. Nikapiga hesabu yangu: leo nauliza, kesho naondoka, Jumamosi niko ukurasa wa kwanza.

Kilio kikubwa kilikuwa kwa Mama Mwansa, ambaye mwanawe Chisenga alikuwa ndiye nahodha wa mashua ile. Wanaume walikuwa nje ya lupango, yaani ua wa nyumba, kwenye viti kuzunguka moto, na wanawake ndani, chini, kwenye mikeka. Nilipita katikati yao nikiwa na vumbi la njia nzima, nikatoa pole, nikafungua karatasi zangu, nikamuuliza mama aliyefiwa mwanawe alikuwa na umri gani.

Mama Mwansa hakuinua sauti. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Weye mutoto," akasema, "kwenu banaingiaka ku kilio namna hii?"

Nikashusha karatasi.

"Bengine balikuya na mashini ya sauti. Baliuliza, bakaenda. Habakuikala hata kidogo. Sasa weye. Kwenu kilio hamuyuwi? Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu alikufa," nikasema. "Na baba."

Akasogea kidogo, akaniachia nafasi kwenye mkeka.

"Basi unajua," akasema. "Ikala chini."

Nikakaa chini. Nikaweka kalamu ndani ya kikapu, na kikapu nyuma ya mgongo. Na pale chini, mwanangu, nikawakumbuka watu waliokuja kwenye kilio cha wazazi wangu. Nilimkumbuka yule aliyesimama mlangoni akaniuliza nyumba itabaki kwa nani kabla hajaniuliza kama nimekula. Niliwakumbuka pia wale mama wa parokia walioketi nasi bila neno, wakaosha masufuria, wakaondoka wa mwisho. Wa kwanza simkumbuki hata sura. Wale mama ningewatambua leo kwa migongo yao tu.

Asubuhi lori likapiga honi. Lilipiga mara ya pili, na ya tatu nadhani ilikuwa kwa ajili yangu, maana dereva yule alikuwa muungwana. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya moto, nasonga bukari, ugali wetu, kwa ajili ya watu wa kilio, na mikono yangu ilikuwa ndani ya mvuke. Nilijua vizuri ninachokiacha kiende. Ningeweza kukimbia. Niliendelea kusonga mpaka sauti ya injini ikaisha. Machozi yalinitoka, na kwa kuwa tulikuwa kilioni, hakuna aliyeniuliza sababu.

Nilikaa hapo mpaka kilio kikaisha. Nilichota maji ziwani, nilichambua dagaa, niliosha masahani na binti wa Mama Mwansa. Sikuuliza kitu. Lakini unajua kilio kilivyo: wanaolia wakichoka, wanaanza kusimulia, na wakisimulia, wanaanza hata kucheka. Nilisikia kwamba Chisenga aliogopa kuku, nahodha mzima aliyepita katikati ya mawimbi, na kwamba watoto wa jirani walikuwa wakimfukuza na jogoo makusudi. Nilisikia juu ya mwalimu aliyekuwa anavuka kwenda kufuata chaki kwa sababu alichoka kuandika na makaa. Nilisikia juu ya Mama Chanda, muuza samaki, aliyekuwa na sauti ambayo watu wa ng'ambo ya ghuba walidai inawaamsha, na ambaye kila safari alificha samaki mmoja mnene chini kabisa ya kikapu kwa ajili ya mteja wake wa Kasomeno, mzee mmoja mwenye duka, kwa sababu siku moja mzee huyo alimkuta Mama Chanda na homa njiani akamlaza nyumbani kwake mpaka mama akapona.

Niliposikia hivyo niliacha kuosha sahani.

Siku watu walipotawanyika, Mama Mwansa alikuja akakaa karibu nami.

"Sasa toa kalamu," akasema. "Uliza."

Nikauliza, na akanijibu yote, polepole, akinisubiri niandike. Kisha akamwita binti yake anipeleke kwenye malupango mengine yaliyofiwa. Kila tulipoingia binti alisema maneno yaleyale: huyu alikaa nasi. Hakuna mlango uliofungwa. Waliniambia hata yale ambayo wenye mamlaka wa bandari hawakutaka yasemwe, kwamba mashua ilikuwa imelalamikiwa kwa muda mrefu, na nani alilalamika, na nani aliyewajibu kwamba wavumilie.

Nikapata lori la samaki. Tulipofika Kasomeno duka la baba mudogo lilikuwa limefungwa. Mke wake akaniambia ameondoka kwenda Lubumbashi kumchukua Ilunga, na kwamba hata nguo za mtoto amekwisha kuzitafutia kabati. Alinihurumia. Mimi nilikaa juu ya vile vikapu vya samaki na karatasi zangu kifuani, nikaandika kichwani njia nzima, mstari kwa mstari, kwa sababu mkono haukuweza kuandika kwa mitikisiko ile.

Nilishukia ofisini kabla ya nyumbani, maana bila kiti kile sikuwa na la kumwambia baba mudogo. Papa Kabange alikuwa amekwisha kuchapa habari fupi ya ajali, idadi ya waliokufa na jina la ziwa, basi. Alinifokea ipasavyo. Alisema nimemletea maiti ya habari. Sikubishana. Nikaketi kwenye kiti kile kitupu bila kuruhusiwa, nikaomba karatasi, nikaandika. Kifaransa changu kilikuwa cha mtu aliyeacha shule, sentensi fupi fupi, lakini kila mtu aliyekufa alikuwa na jina lake, na kazi yake, na kitu kimoja ambacho watu wake walikuwa wakikicheka. Na chini kabisa kulikuwa na yale ya mashua. Papa Kabange alisoma akiwa amesimama. Akasoma tena akiwa amekaa. Kisha akaita fundi wa mitambo na kumwambia ukurasa wa kwanza wa Jumamosi ubomolewe.

Hakuniambia kitu kingine, na mimi sikungoja. Nilimwachia nakala safi, nikachukua rasimu yangu, nikakimbia.

Baba mudogo alikuwa ndani ya lupango letu, amekaa kwenye kibao. Mbele yake nguo za Ilunga zilikuwa zimefungwa katika kitenge cha mama. Ilunga alisimama mlangoni, hakulia, alikuwa amefika umri wa kutolia. Monga alikuwa ameshika fundo la kile kitenge kwa mikono yote miwili, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumbandua. Nikamwomba baba mudogo asubiri Jumamosi. Akasema kwa upole kwamba amekwisha kunisubiri, na ahadi ni ahadi. Nikamwambia basi nisikilize tu, halafu uende.

Nikamsomea palepale, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili kama nilivyozoea barazani. Majirani wakasogea. Nilimsomea juu ya Chisenga na kuku, na baba mudogo akatabasamu kidogo. Nilimsomea juu ya mwalimu. Nilipofika kwa Mama Chanda, na yule samaki mnene chini ya kikapu, akainua mkono niache.

"Chanda?" akauliza. "Chanda ya sauti?"

Nikasema ndiye.

Akashuka kutoka kwenye kibao, akakaa chini, kwenye udongo. Mwanamume yule, na suruali yake ya safari.

"Mi nilikuwa namungoya," akasema. "Nilisikia ku radio, bwato imekufisha bantu. Balisema hesabu tu. Mi nilikuwa nangoya samaki yake, ninasema huyu mama, mbona anachelewa."

Akalia, naye Monga akaachia fundo la kitenge akaenda kukaa karibu naye, kwa kuwa watoto waliofiwa wanajua cha kufanya. Tulikaa wote chini. Jirani mmoja akaleta maji. Kilio cha Mama Chanda kikafika Kamalondo, kwa mtu aliyestahili kumlilia.

Jua liliposogea baba mudogo akanyanyuka, akajifuta vumbi, akafungua kile kitenge mwenyewe. Akamrudishia Ilunga shati lake la juu.

"Yaya yako iko na kazi," akamwambia. "Mi nimeiona."

Jumamosi ile, mwanangu, gazeti lilikwisha kabla ya watu kutoka misa ya asubuhi kesho yake, na Papa Kabange akawasha tena mitambo, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Kwenye baraza la Baba Ramazani nilisoma mpaka sauti ikakauka, na mzee hakushona hata pindo moja. Nakala zilipanda malori zikafika Kilwa. Wakubwa walikwenda huko kuiangalia bandari, na mashua mpya ililetwa. Kiti cha dirishani kilikuwa changu, na nilikikalia mpaka kikabadilishwa miguu.

Papa Kabange alinipa ukurasa wangu kila wiki. Nilizunguka Katanga nzima nikiandika maisha ya watu ambao redio iliwapa hesabu tu: wachimbaji, wauza mkaa, makatekista, maimamu, akina mama wa sokoni. Nilijifunza Kifaransa kizuri nikiwa kazini. Na miaka ilipopita nikaukusanya ukurasa ule wote, nikauandika upya kwa Kiswahili, kitabu kinene ambacho rafiki zangu wenye diploma waliniambia hakuna atakayekinunua kwa lugha ile. Siku ya kukizindua ukumbi ulishindwa kuwabeba watu. Ilunga alikuja na wanafunzi wake, maana ni mwalimu. Monga aliacha zamu yake hospitalini akaja na koti lake jeupe. Na mbele kabisa, kwenye kiti cha heshima, nilimkalisha baba mudogo Kasongo, mzee sana sasa, ambaye kila mtu aliyempita alimwambia: huyu ni mtoto wangu, mimi ndiye niliyemjaribu. Nilimwacha aseme. Ilikuwa kweli.

Sasa unakuja kwangu, mwanangu, na simu yako inayoweza kupiga picha na kuituma kabla wewe mwenyewe hujafika. Siichukii simu yako. Ninayo mimi pia, na wajukuu wananicheka ninavyoibonyeza. Ninakuomba jambo moja tu. Ukifika mahali watu wamefiwa, au wamechomewa, au wamefukuzwa, kaa chini nao kwanza. Chota maji. Osha sahani. Wenzako watakutangulia kuchapa, waache watangulie. Watakuwa na hesabu, wewe utakuwa na watu. Andika jina la kila mmoja na uliandike sawasawa, maana hujui ni nani, katika mji gani, anayemngojea. Na usiache kuandika yale ambayo wakubwa hawapendi yasemwe, kwa kuwa waliokueleza walikuamini mbele ya maiti wao.

Na kama umeachwa peke yako na wadogo zako, kama shule imekatika mikononi mwako, usione haya. Wewe umekwisha kukaa chini kwenye kilio, na mlango wa mtu aliyefiwa hautakuwa mgeni kwako.

Mungu akupe mgongo wa kuhimili barabara zetu. Akupe masikio marefu na mkono mtulivu. Wadogo zako wakue machoni pako wakikuita Yaya hata mkiwa wazee wote. Kila lupango utakaloingia, wakusogezee mkeka; na kila jina utakaloliandika, limfikie aliyekuwa analingojea. Nenda salama, mwanangu.